Kuzuru hekalu la kijijini Tamil Nadu pamoja na familia: kuanzia kupanga siku hadi kuosha miguu

Mara ya kwanza tulifika saa sita na dakika kumi mchana. Dereva akaegesha chini ya mti, watoto wakashuka mbio, na mlinzi akatuonyesha kiganja: mlango wa ndani umefungwa mpaka saa kumi alasiri. Mume wangu ndiyo kwanza ametoka hospitali, mama mkwe ana sukari, kitindamimba wetu ana miaka minne, na mawe ya uani yalikuwa yameshika moto kama kikaango. Tukarudi mjini Kumbakonam tukiwa tumeuona mnara wa hekalu tu, tena kwa mbali. Wiki iliyofuata tulikwenda tena, safari hii tumejipanga. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Nawaandikia hasa wenzangu walioko kusini mwa India kwa matibabu au masomo. Wanaokuja Vellore au Chennai wanajua kwamba kuna siku nyingi za kusubiri: majibu ya vipimo, miadi ya daktari, tarehe ya ndege. Familia inakaa nyumba ya wageni inatazamana na feni. Siku moja ya kutoka, daktari akiridhia, huwapa watu pumzi. Sasa kama hujawahi kuingia hekaluni, au uliwahi kuingia la kule kwetu Mombasa au Dar es Salaam, fahamu kwamba ya kwetu mengi ni ya Wagujarati. Huku kusini ujenzi ni mwingine, lugha ni nyingine, na hata kinachochemka jikoni ni kingine.

Kwanza, chagua hekalu moja tu

Tamil Nadu, jimbo la kusini mwa India, imejaa mahekalu, na kosa la wageni wengi ni kutaka kumaliza manne kwa siku. Ukiwa na mtoto na mzee, moja linatosha. Mimi nalipendekeza la Gangaikonda Cholapuram, wilaya ya Ariyalur, kilomita 35 hivi kutoka mji wa Kumbakonam na kama 70 kutoka Thanjavur. Hapo palikuwa makao makuu ya ufalme wa Chola. Mfalme Rajendra wa Kwanza aliuhamishia mji huo utawala wake karibu mwaka 1025, baada ya jeshi lake kufika kaskazini hadi mto Ganga, na jina la mji maana yake ni mji wa Chola aliyeitwaa Ganga. Hekalu alilomjengea Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, lilikamilika karibu mwaka 1035. Mji wenyewe ulikwisha. Leo ni kijiji chenye mashamba, mbuzi, vibanda vya maua na nazi, na katikati ya hayo yote mnara wa mawe wenye urefu wa mita 53.

Watalii wengi huishia Thanjavur, kwenye hekalu alilomaliza baba yake Rajendra mwaka 1010. Nalo ni kubwa na zuri, lakini liko mjini na watu ni wengi. La Gangaikonda liliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2004, likiungana na lile la Thanjavur lililotangulia mwaka 1987, na bado siku ya kawaida asubuhi unaweza kukuta familia tatu tu. Uwanja una majani yaliyokatwa vizuri, mtoto anakimbia, na mzee anapata pa kukaa. Kwangu mimi hilo ndilo lililoamua.

Panga siku kwa kufuata miguu na mlango

Mambo mawili ndiyo yanayotawala safari nzima. La kwanza ni mlango. Mahekalu ya Tamil Nadu kwa kawaida hufunguliwa alfajiri, hufungwa kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi alasiri, kisha hufunguliwa tena mpaka usiku unapoingia. Si mapumziko ya wafanyakazi. Kwa waumini, aliyemo ndani ni mwenye nyumba: huamshwa, huogeshwa, huvishwa, hulishwa, na mchana hupumzika. Mimi nililielewa hekalu siku niliyoelewa hilo. Humo ndani wewe ni mgeni wa mtu.

La pili ni miguu. Viatu vinaachwa getini na uwanja mzima unatembea pekupeku. Mawe ni ya matale, hayana huruma kuanzia saa nne asubuhi. Aprili hadi Juni ni joto la kuunguza kabisa, msiende. Oktoba hadi Desemba ni mvua. Miezi mizuri ni Januari, Februari na mwanzo wa Machi, ila katikati ya Januari kuna Pongal, sikukuu ya mavuno ya Watamil, na magari yote yana wenyewe.

Kwa hiyo fika saa moja asubuhi, ikichelewa sana saa mbili. Ukishindwa asubuhi, fika saa kumi na nusu alasiri. Mara mbili kwa mwezi, siku ya kumi na tatu ya kila nusu ya mwezi mwandamo, kuna ibada ya jioni ya Shiva iitwayo pradosham. Sanamu ya Nandi, ng'ombe dume ambaye ndiye kipando cha Shiva, humiminiwa maziwa na mtindi mbele ya watu. Watoto wetu waliipenda kuliko chochote. Uliza mwenyeji wako tarehe, kila kalenda ya Kitamil inayo.

Epuka siku mbili kama una mgonjwa. Moja ni mwezi mpevu wa Aippasi, mwezi wa Kitamil ulio kati ya Oktoba na Novemba, ambapo linga, yaani nguzo ya jiwe iliyo alama ya Shiva, hufunikwa kwa wali uliopikwa. Na linga la hapa lina urefu wa kama mita nne, kwa hiyo hebu fikiria sufuria zake. Ni jambo la kutazamwa, lakini umati ni wa kukanyagana. Nyingine ni siku ya kuzaliwa kwa mfalme Rajendra, Julai au Agosti. Mwaka 2025 sherehe hiyo ilihudhuriwa na Waziri Mkuu Narendra Modi mwenyewe.

Kaeni kikao cha familia usiku wa kuamkia safari

Usiiruke hatua hii. Sisi ni Waislamu, jirani yetu wa nyumba ya wageni aliyefuatana nasi ni Mlutheri wa Moshi, na kila mmoja alikuwa na mpaka wake. Heri mpaka ujulikane nyumbani kuliko mbele ya kuhani aliyekunyooshea sahani.

Mtapewa vitu. Majivu meupe ya kupaka kwenye paji la uso, unga mwekundu, maua, pengine ndizi au wali mtamu uliokwisha kutolewa kwa mungu wao. Chakula hicho huitwa prasadamu. Asiyetaka kukila asikipokee halafu akakitupa, hiyo ndiyo tusi. Weka mkono kifuani, inamisha kichwa kidogo, tabasamu. Au pokea kwa mkono wa kulia na umpe aliye karibu nawe, atafurahi. Majivu unaweza kuyapokea kiganjani bila kujipaka. Hakuna aliyewahi kutulazimisha kitu.

Mama mkwe alisema wazi: "Mie ndani siingii, mwanangu, ila nje nitatembea." Ikawa sawa kabisa, maana michongo iliyo bora ya hekalu hili iko nje, kwenye kuta. Aliona mengi kuliko sisi.

Kuna pia suala la nani anaruhusiwa. Mahekalu mengine ya Tamil Nadu hayamruhusu asiye Mhindu kupita mlingoti wa bendera ulio mbele ya ukumbi. Januari 2024 Mahakama Kuu ya Madras, yaani ya jimbo hili, iliamua katika kesi ya hekalu la Palani kwamba mabango ya katazo hilo yawekwe. Gangaikonda sisi tuliingia bila kuulizwa, lakini ukizuiwa popote, geuka bila ubishi. Wenyeji pia wana miiko yao: mwanamke aliye hedhini haingii, na familia yenye msiba mbichi hukaa mbali. Getini hakuna anayeuliza, ila ni vizuri kujua.

Nguo na mfuko

Dera linafaa sana. Gauni refu na mtandio, au sketi ndefu na blauzi ya mikono. Mwanamume avae suruali ndefu, kaptula hapana. Wanaume wa huko huvaa shuka jeupe la kufunga kiunoni, msuli wetu kabisa, na mume wangu alivyoenda na kikoi chake walinzi walimwangalia kama ndugu aliyepotea. Mikanda na mikoba ya ngozi iacheni garini, sehemu nyingine huikataa.

Mfukoni tia soksi nene za pamba kwa kila mtu (si za nailoni, zinateleza kwenye mawe), khanga mbili, maji, dawa za mgonjwa, nakala za pasipoti, noti ndogondogo za rupia, tochi, na kitambaa cha kufutia miguu. Khanga moja ni ya kukalia, nyingine ya kumfunika mtoto akisinzia.

Kuhusu soksi nataka kusisitiza. Mwenye sukari ambaye nyayo zake zimeanza kufa ganzi anaweza kuungua asihisi. Yeye asitembee pekupeku kwenye jiwe lenye jua, hata hatua kumi. Mwonyeshe mlinzi soksi, elekeza mguu, mara nyingi ataitikia. Akikataa, mgonjwa abaki kivulini.

Njia

Kutoka Chennai treni za kusini huondokea stesheni ya Egmore, na hadi Kumbakonam ni kama saa sita au saba. Lala Kumbakonam usiku uliotangulia, usijaribu kwenda na kurudi Chennai siku moja na mgonjwa. Asubuhi kodi gari kwa nusu siku na mpatane bei kabla hujafungua mlango, pamoja na muda wa kusubiri. Bajaji inafika pia, lakini kwa barabara ile mgongo wa mzee utalalamika. Kila mtu aende haja kabla ya kutoka hotelini. Vyoo vya kijijini usivitegemee.

Njiani mtavuka mto Kollidam pale Anaikarai, kwenye banio la maji lililojengwa na Waingereza mwaka 1836. Mwambie dereva apunguze mwendo. Mawe ya ukuta wa nje wa hekalu mnalokwenda kuliona yalibomolewa yakaletwa kujengea banio hili. Ukishafika ukauona mnara mkubwa hivyo umesimama bila ukuta wa kuuzunguka ipasavyo na bila lango refu kama mahekalu mengine, utajua vilikokwenda.

Getini

Viatu mpe mtunzaji, ukumbuke kumlipa chochote kidogo wakati wa kutoka. Au viacheni vyote garini, ndivyo tulivyofanya mara ya pili, na mwana hakulia kandambili yake.

Simu: Desemba 2022 mahakama hiyo hiyo ya Madras iliagiza simu zizuiwe ndani ya mahekalu ya jimbo. Utekelezaji unatofautiana. Hapa uwanjani watu hupiga picha za mnara bila shida, lakini ukishavuka kizingiti cha ukumbi, zima na utie mfukoni. Usimpige picha mtu anayesali, na mungu wa ndani kabisa hapigwi picha na yeyote.

Maneno machache ya Kitamil yatakufungulia njia. *Vanakkam* ni salamu. *Nandri* ni ahsante. *Thanni* ni maji. *Vendam* ni sihitaji, na ukiisema kwa upole hata muuza maua atakuachia. Zaidi ya yote, wao kama sisi hawaiti mtu mzima kwa jina. Mama wa makamo ni *amma*, kaka ni *anna*, dada ni *akka*, babu ni *thatha*, bibi ni *paatti*. Siku nzima mama mkwe aliitwa paatti na kila mtoto wa kijiji, na kufikia saa tatu alikuwa anaitika.

Uwanjani na ndani

Anza na Nandi. Amekaa uwanjani ameutazama mlango, mkubwa kuliko gari letu. Usikatize mbele yake kati yake na mlango, pita nyuma. Kisha zungukeni hekalu kwa nje, mkono wa kulia ukiwa upande wa ukuta, yaani mwendo wa saa. Watu wote wanazunguka hivyo, ukienda kinyume utagongana nao. Asubuhi kivuli cha mnara huanguka upande wa magharibi, basi pumzikeni hapo.

Upande wa kaskazini, kwenye ngazi, tafuta mchongo wa Shiva akimfunga kitambaa cha maua kichwani kijana aliyepiga magoti. Kijana ni Chandesha, mja mwaminifu katika hadithi zao, na wengi husema mchongaji alikuwa akimwaza Rajendra mwenyewe akivikwa ushindi. Tulikaa hapo nusu saa nzima. Tazama vidole: Shiva anaufunga utepe wa maua kwa utaratibu, kama mama anavyomfunga mwanawe kilemba siku ya Idi, na yule kijana ameinamisha kichwa, mikono imekutana. Jiwe la matale ni gumu kama chuma, sijui walilibembelezaje. Karibu na hapo yuko Sarasvati, mungu wa elimu. Mbele zaidi kwenye kona kuna kisima ambacho ngazi zake unaziingia kupitia mwili wa simba. Mshike mtoto mkono hapo, usimwachie.

Ndani kuna ukumbi mrefu wenye nguzo, giza, baridi, na harufu ya popo. Kizingiti kinarukwa, hakikanyagwi. Mkifika mbele, wanaume na wanawake hugawanyika huku na huku ili njia ya katikati ibaki wazi. Kuhani, ambaye Watamil humwita *gurukkal*, huwasha kafuri kwenye sahani ya shaba na kuizungusha mbele ya linga, na kwa sekunde chache giza lote linapasuka.

Hapo ndipo harufu ilipomfikia mama mkwe nje mlangoni. Kafuri ndiyo karafuu maiti yetu ya pwani, ile ya kuoshea maiti. "Kuna msiba humu?" akauliza. Nikamwambia hapana, huku ndiyo harufu ya sala. Akafikiri kidogo akasema, "Basi kila watu na mwanzo wao." Kisha akaendelea kuchungulia asumini walizosuka wanawake kwenye nywele. Hizo alizijua.

Sahani ya sadaka, kwa atakaye

Nje ya geti akina mama huuza vikapu: nazi, ndizi, maua, kafuri, tambuu na popoo. Ndiyo, tambuu ile ile ya kwetu. Hulazimiki kununua. Jirani yetu Mlutheri alinunua kimoja kwa sababu tu muuzaji alikuwa bibi kizee, akampa mama mmoja wa huko amfikishie. Ukikifikisha mwenyewe, kuhani atauliza jina lako, ukoo na nyota uliyozaliwa nayo. Jina linatosha. Atavunja nazi na kukurudishia nusu.

Pesa huwekwa kwenye sahani au kwenye sanduku la chuma, si mkononi mwa mtu. Anayekufuata akisema ni mwongozaji na ibada maalumu ya mgonjwa wako ina bei kubwa, jibu ni *vendam*. Tuliwahi kumlipa mtu wa namna hiyo nje ya hekalu jingine tukaishia kutazama mgongo wake akiondoka.

Kuhusu watoto, waambie kabla ya kuingia: hatupandi sanamu, hatunyooshei miguu palipo na mungu wao, hatucheki mtu akilala kifudifudi chini, maana watu hujilaza hivyo kusujudu. Mtoto wa miaka minne ana dakika ishirini za ndani, basi. Zikiisha mtoe kwenye majani.

Chakula na kurudi

Ondokeni saa nne, kabla mawe hayajakasirika. Kumbakonam mtakula kwenye jani la mgomba: wali, mchuzi wa dengu uitwao sambar, supu nyepesi ya rasam yenye pilipili manga na ukwaju, mboga mbili tatu, mtindi mwishoni. Vyote havina nyama, kwa hiyo suala la halali halikusumbui. Ukishiba, kunja jani kuelekea kwako, ndiyo alama ya kuridhika. Mtu anayepita na ndoo ya wali hasimami mpaka uweke kiganja juu ya jani. Mume wangu alichelewa kuweka, akala mara tatu. Kwa mtu aliyekuwa hamalizi uji wiki mbili, sikumzuia.

Mkifika chumbani, miguu yote ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kabla ya mtu kupanda kitandani. Ya mwenye sukari ikaushwe hadi katikati ya vidole, kisha mulika tochi nyayo moja baada ya nyingine: wekundu, lengelenge, mwiba. Ya mama mkwe ilikuwa salama, isipokuwa kipande cha ua la asumini kilichokwama kwenye soksi ya kushoto.